Kuhesabu Fedha Mbele ya Mtu Si Utovu wa Adabu



Kila mwaka kitabu chetu hiki hutangaza waliozaliwa, waliooana, waliofuzu masomo na waliotangulia mbele ya haki. Sijaona hata mwaka mmoja kilipotangaza walioibiwa. Mwaka huu nimewaomba wahariri wanipe nafasi nijitangaze mwenyewe, nao, baada ya kunishauri mara mbili nifikiri upya, wamekubali. Nawashukuru.

Nimesomesha hesabu miaka thelathini na mbili, minane Unguja na iliyosalia hapa Ontario. Baadhi yenu mnaosoma maneno haya nimekusahihishieni madaftari. Basi jueni kwamba yule mwalimu aliyekuwa akikukateni alama kwa kutohakikisha jibu, ametoa kidani cha dhahabu cha tola tano kwa karatasi isiyofikia thamani ya senti moja, wala hakuhakikisha.

Kidani kilikuwa cha marehemu mama yetu. Alipofariki mwaka 2023 nilikuja nacho Toronto, si kwa kuwa ni changu, bali kwa kuwa tulidhani huku kitapata bei. Warithi ni watatu: mimi, mdogo wangu wa kike aliyeko Unguja, na kaka yetu aliyeko Maskati. Mnaijua hesabu yake: mafungu manne, kaka mawili na sisi moja moja. Wote wawili waliniwakilisha nikiuze. Nakuombeni mlishike neno hilo la uwakala, maana nitalirudia.

Mwezi wa Machi 2025 bei ya dhahabu ulimwenguni ilipita dola 3,000 za Marekani kwa wakia moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla, na kaka akasema huu ndio wakati. Nikaenda kwa masonara wa Gerrard Street. Wawili walikipima, na aliyepanda juu kabisa alinipa dola 6,300 za Kanada. Siwalaumu. Sonara hununua uzito ili akayeyushe. Hanunui kazi ya mkono wa sonara mwenziwe aliyekwisha kufa. Lakini mimi nilikuwa nikiiona kazi ile, maua yake madogo madogo na vile viungo vilivyosokotwa kama ukili, na moyo haukunipa kukipeleka motoni. Mpwa wangu akasema, "Khaleti, tukitangaze kwenye intaneti. Atajitokeza anayekitaka kama kilivyo." Akakipiga picha juu ya kanga, akaandika tangazo, na bei akaweka dola 9,000.

Katika siku mbili waliandika watu kumi na mmoja. Wengi wao walikuwa wa kupoteza wakati: mmoja alitaka kubadilishana na pikipiki. Wa kumi na mmoja aliandika kwa Kiswahili: "Shikamoo Bi Mkubwa. Hiki si kidani cha Kiunguja?"

Nitakuelezeni bila ya kujificha jinsi maneno yale yalivyoniingia. Mtu ukikaa nchi ya watu miaka thelathini na mitano, salamu kama ile kutoka kwa mtu usiyemjua ni kama harufu ya mkate wa mofa njiani. Nikampigia simu. Sauti ya mwanamke wa makamo ya binti yangu, lafudhi ya mjini. Alisema anamwoza mdogo wake na bibi yao alikuwa na kidani mfano wa hiki, kikauzwa wakati wa shida. Aliutaja mtaa wa Vikokotoni kama mtu aliyepita pale jana. Akaanza kuniita Khaleti. Alipojua nilikuwa mwalimu, akaniita Bi Mwalimu. Alibembeleza bei kama inavyompasa mnunuzi, na asingebembeleza ningemshuku. Tukakubaliana dola 8,600.

Tulikutana Jumamosi tarehe 12 Aprili, saa kumi na moja jioni, kwenye mkahawa karibu na steshini ya Kennedy, Scarborough. Saa hiyo na siku hiyo alizichagua yeye. Alikuja na mtoto wa miaka kama minne. Alinibusu mkono. Akatoa bahasha, na ndani yake hundi ya benki.

Kwa wasiojua, hundi ya benki si sawa na hundi ya mtu binafsi. Ya mtu binafsi inaweza kukosa fedha nyuma yake. Ya benki, benki yenyewe huwa imekwisha kuzitoa fedha kwa mnunuzi kabla ya kuiandika, na kwa hiyo watu hapa huiheshimu karibu sawa na noti. Ile niliyopewa ilikuwa na jina la benki kubwa, nambari, sahihi mbili, na ukiinua kwenye mwanga unaona alama ndani ya karatasi. Pembeni kulikuwa na nambari ya simu. "Piga, Khaleti, uwaulize," akaniambia. Nikapiga. Nikajibiwa na sauti ya mashine kwamba tawi limefungwa mpaka Jumatatu.

Hapo maneno yalifika kwenye ncha ya ulimi: mwanangu, tungoje Jumatatu, twende benki pamoja. Lakini mtoto alikuwa amelala begani mwake, na yeye akaniangalia kwa upole akasema, "Kama roho yako haikutulia, Khaleti, tuache. Sitaki ukae na wasiwasi kwa ajili yangu."

Nikaona haya. Wallahi niliyeona haya ni mimi, si yeye. Nikamfungulia kibweta, nikamvisha kidani ili akione kwenye kioo cha simu yake, na nikamwombea dua bibi harusi.

Jumatatu niliiweka hundi benki kwangu. Kwa kuwa mimi ni mteja wa miaka mingi hawakuizuia, na jioni ile fedha zikaonekana kwenye hesabu yangu. Jumatano nikazigawa kama sheria ilivyogawa: kaka dola 4,300, mdogo wangu dola 2,150, na mimi nikabaki na 2,150. Ijumaa ilikuwa Ijumaa Kuu, benki zimefungwa. Jumanne tarehe 22 nikapigiwa simu: hundi imerudi, ni ya kughushi, na benki imezichukua dola zake zote 8,600. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kabla ya yote nilikuwa na dola 3,120. Jumlisha 8,600, toa 6,450 nilizotuma, kisha toa 8,600. Mwalimu wenu alikuwa na deni la dola 3,330, na kidani hakipo.

Wengi walioisikia khabari hii huniuliza, vipi fedha zionekane kwenye hesabu kisha ziondoke? Hapa ndipo penye mtego, na nimechelewa kuufahamu. Unapoiweka hundi, benki yako haijapokea kitu. Inakukopesha kwa imani huku karatasi ikienda kuulizwa kwenye benki iliyodaiwa kuiandika. Ikijibiwa kuwa hawaijui, inarudi, na mkataba uliotia sahihi ulipofungua hesabu unasema hasara ni yako. Kwa hiyo kuziona fedha si kuzipata. Na zikipita katikati siku za mapumziko, majibu huzidi kuchelewa. Yule binti aliijua Ijumaa Kuu kuliko mimi niliyesomesha katika skuli za nchi hii. Ama ile nambari ya simu, mwizi aliyeiandika hundi ndiye aliyeandika na nambari.

Sasa nirudi kwenye uwakala. Madrasani, katika mlango wa biashara, tulisomeshwa mambo mawili ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili huyahifadhi bila ya kujua yatamfaa lini. La kwanza, dhahabu huuzwa mkono kwa mkono, katika kikao kimoja, bila ya kungojana. La pili, wakala wa kuuza hatoi mali mpaka aishike thamani yake; akiitoa kabla, dhamana ni juu yake. Maalim wetu alikuwa akituuliza huku ameshika bakora: "Ametoa kwanza, akakimbiwa, nani atalipa?" Na sisi sote kwa sauti moja: "Wakala!" Nimelijibu suali lile pengine mara hamsini utotoni.

Kaka yangu hakubali. Yeye hoja yake ni kwamba wanazuoni wengi wa zama zetu wameikubali hundi iliyothibitishwa na benki kuwa ni kabdhi, yaani kama kwamba umezishika fedha mkononi. Basi mimi nilishika, nikadanganywa, na aliyedanganywa si aliyezembea. Ni hoja nzuri, na inatoka kwa mtu aliyezirudisha dola zake 4,300 usiku uleule bila ya neno. Lakini mimi najua kilichonipitia pale mezani. Shaka iliingia, nami nikaifukuza kwa haya. Hiyo kwangu ndiyo taksiri, na sitaki mtu anipunguzie. Kila mwezi namtumia dola 100 katika fungu lake. Mara mbili za mwanzo alizirejesha. Sasa amechoka kurejesha. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kununua mabati ya paa kwa fedha zile, nimemwambia asirudishe kitu, na hajui mpaka leo kuwa zilitoka wapi. Akisoma kitabu hiki atajua.

Wiki tano sikumwambia mtu mwengine yeyote. Polisi sikwenda. Nilipokwenda waliandika maelezo yangu kwa adabu, wakanipa nambari ya faili, na wakanielekeza kwenye Kituo cha Kanada cha Kupambana na Ulaghai, ambacho huendeshwa kwa pamoja na polisi wa taifa, polisi wa Ontario na idara ya serikali ya ushindani wa biashara. Simu yao ni 1-888-495-8501, andikeni mahali. Mwaka 2024 watu waliripoti kwao hasara ya zaidi ya dola milioni 630, na wao wenyewe hukadiria kwamba wanaoripoti ni baina ya asilimia 5 na 10 tu ya walioibiwa. Mimi kwa wiki tano nilikuwa katika wale tisini na kitu.

Kisha baada ya khitma moja, tulipokuwa tukiosha vyombo, nikaropoka. Kukawa kimya. Bibi mmoja ninayemheshimu sana akaweka sahani chini akasema mumewe aliuza gari kwa hundi kama ile, miaka miwili nyuma, na hawakumwambia mtu. Mwengine akasema kijana wake alilipa amana ya nyumba ya kupanga ambayo mwenye kuipangisha hakuwa mwenye nyumba. Tulikuwa wanawake saba jikoni, watatu wetu tumeibiwa, na kila mmoja alidhani ni peke yake. Lau yule bibi angelisema miaka miwili nyuma, kidani cha mama kingalikuwapo. Nami kwa wiki tano zangu sijui nimemgharimu nani. Simtupii lawama peke yake, lakini nalisema, kwa sababu kama hatulisemi hapa baina yetu hatutalisema popote.

Vijana wetu wana dawa zao. Ya kwanza: wazee wasishike mambo ya intaneti, simu na hesabu za benki zishikwe na watoto. Hii siitaki hata kuisikia. Nimemwona mwenzangu mwenye akili timamu anayemwomba mwanawe ruhusa ya kununua viatu. Tena walaghai hawawakamati wazee peke yao. Yule kijana wa nyumba ya kupanga ana shahada mbili. Dawa ya pili: usimwamini Mswahili mwenzio. Hii inaniuma zaidi, kwa kuwa ina sura ya ukweli. Ndiyo, niliingizwa kwa lugha yangu. Lakini kama asingalikuwa Mswahili mwenzangu angalikuwa mtu mwengine mwenye ufunguo mwengine, na sisi tuliokuja huku tukashikana mikono kwa salamu ileile, tukiifukuza salamu tutabaki na nini? Wiki iliyopita msichana kwenye basi la Lawrence alinitolea shikamoo. Nilimjibu marahaba, na moyo ukafurahi kama kawaida.

Maoni yangu ni kwamba salamu haina kosa. Kosa ni kuichanganya na biashara, na mchanganyiko huo sisi tumeuzua huku, hatukuja nao. Kumbukeni sonara wa kwetu. Mama alikuwa akikaa kwenye kigoda, sonara ananing'iniza mizani mbele ya macho yake, kisha mama anazihesabu noti kwa sauti, sonara naye anazihesabu tena kwa sauti, na baadaye ndipo wakaulizana khabari za watoto. Walijuana miaka ishirini. Hakuna aliyeona ametukanwa. Na leo pia kwetu wanajua. Kenya ilipoanza M-Pesa mwezi wa Machi 2007, haukupita muda mrefu wakatokea wenye kutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli, kwamba fedha zimeingia. Muuza duka aliyejifunza kwa hasara haangalii tena ujumbe: anatazama salio lake mwenyewe, mteja amesimama na unga wake mkononi, na hakuna anayenuna. Tanzania ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umeenea hata umekuwa mzaha wa vibarazani, na kwa kuwa ni mzaha, kila mtoto anaujua. Sisi wa Toronto ndio tuliobaki tukiona kuhakikisha ni ufedhuli, kwa sababu tumekuwa wachache na kila anayeamkia tunamfanya jamaa.

Kwa hiyo nimejifundisha maneno, na nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Mwanangu, tutakwenda pamoja benki yako, waiandike hundi mbele yangu." Ikiwa fedha zinakuja kwa simu: "Ngoja niingie kwenye hesabu yangu mwenyewe," wala siifungui barua iliyonijia inayosema bonyeza hapa upokee. Nambari ya simu ya benki naitafuta mimi, siisomi kwenye karatasi ya mtu. Na makabidhiano ni mchana, siku ya kazi. Vituo kadhaa vya polisi hapa Ontario vimetenga nafasi katika maegesho yao ya magari ili watu wakabidhiane pale vitu wanavyouziana. Nimeyatumia maneno yangu mara moja tu tangu wakati ule, nilipouza cherehani, kitu cha dola 140. Mnunuzi alikuwa mama wa Kisomali. Nilipomwambia nitazihesabu mbele yake, alicheka akasema, "Na mimi nitaiwasha cherehani mbele yako."

Ombi langu kwa wahariri ni hili. Kuanzia mwakani tuwe na ukurasa mmoja, baada ya ule wa waliofuzu, ambao mtu ataandika alivyoibiwa, kwa jina au bila ya jina, kwa mistari kumi. Najua hoja ya kwamba kitabu hiki ni cha kumbukumbu na wajukuu watakisoma. Na wasome. Watawakuta wazee wao walivyokuwa, na mbinu za wezi wa siku zetu, ambazo nina hakika zitarudi kwa nguo nyengine.

Kidani chenyewe, kwa atakayekiona kwa sonara au shingoni kwa mtu: ni dhahabu ya karati 22, nyekundu kidogo kuliko dhahabu ya siku hizi, maua saba, la katikati kubwa. Kiungo cha upande wa kushoto, cha tatu kutoka kwenye kifungo, kiliungwa upya na sonara wa Mkunazini baada ya mimi kukivuta nikiwa nimepakatwa na shangazi yangu harusini, na mpaka leo kinajulikana, kwa sababu sokota yake imegeukia upande mwengine. Wahariri wanayo simu yangu.